Kingo za Jalada

"Hapo!" Fundi Jalada alipaza sauti. "Usiendelee. Rudia hapo hapo."

Mkewe alikirudisha kidole mstari mmoja juu, akasoma tena polepole, kila neno akilipa haki yake kama walivyofundishwa zamani darasani: malkia alizishika funguo za mji kwa mkono wa kushoto, na lango lilikuwa bado limefungwa.

"Basi, funga kitabu. Jalada ndilo hilo."

"Mbele kuna kurasa mia mbili, mzee wangu. Huko wanapigana, mji unaungua, na yule mdogo wake malkia..."

"Uungue tu. Ukichora vita umemsimulia mtu kitabu bure, sasa atanunua nini? Mchoree dakika moja kabla. Mwache na hamu yake pale pale dukani."

Hivyo ndivyo walivyofanya kazi miaka thelathini na mmoja. Mke anasoma, mume anasikiliza amefumba macho, mpaka lifike neno linalomwinua kitini. Fundi Jalada alizijua herufi kwa kuzichora kuliko kwa kuzisoma. Angekuchorea herufi moja yenye miguu iliyotanuka kama kiti cha mfalme, ukatamani kuikalia, lakini ukimpa ukurasa mzima angekaa nao mpaka chai ipoe. Pale kwenye nyumba ya vitabu, kwa wachapishaji waliompa kazi, hakuna aliyelijua hilo. Waliamini anasoma riwaya zote mwenyewe, tena mara mbili mbili.

Kazi yake ilikuwa majalada ya riwaya za kihistoria tu. Za mapenzi alikataa, za upelelezi alisema zinamtia kiungulia. Sebuleni kwao palikuwa na rafu ndefu ambapo vitabu vilisimama vimetazama mbele, sura nje, wala havikupangwa kwa migongo kama kwa watu wengine. Kila Jumamosi mkewe alivipangusa kwa kitambaa kikavu, kimoja kimoja, na ingawa hakumwambia mtu, huko kupangusa ndiko kulikokuwa matembezi yake. Kulikuwa na riwaya ya msafara wa chumvi: jalada lote la njano iliyokufa, na chini kabisa mstari wa watu wadogo kama sisimizi, ukiutazama unasikia kiu. Kulikuwa na ya mfalme mtoto: kiti kikubwa, na miguu miwili midogo isiyofika chini, basi, uso hauonekani. Na ile ya waasi wa kilimani, ambayo ukiiweka mbali unaona mlima, na ukiisogeza unaona mlima wote ni migongo ya watu waliolala. Alikuwa ameyatazama majalada hayo maelfu ya mara, na bado kila Jumamosi jicho lake lilianzia pale pale mumewe alipotaka lianzie, likaishia pale alipotaka liishie. Hilo lilimshangaza kuliko yote. Mtu kukushika jicho akakutembeza kama anayemshika mtoto mkono kuvuka barabara!

Na kila mwanamke aliyekuwemo kwenye majalada hayo, awe malkia, mjakazi au mama wa shujaa, alikuwa na shingo ya mke wa Fundi Jalada. Sura zilibadilika. Shingo ilikuwa moja.

Nyumba ya vitabu ilikuwa imemvua kidogo kidogo. Kwanza walimwondolea herufi, wakasema kompyuta ina aina mia tisa. Kisha wakachukua jalada la nyuma wakaweka picha ya mwandishi anatabasamu. Kisha mgongo wa kitabu. Kila mara alirudi nyumbani akasema, "Afadhali, nimepunguziwa kazi." Sasa kulikuwa na msimamizi mpya wa majalada, mwanamke kijana, naye alikuwa anatoa upya riwaya nane za zamani kwa majalada mapya. Alimpa Fundi Jalada moja ya kujaribia. Likipendeza, zote nane ni zake. Lisipopendeza, kompyuta itamaliza na jalada la mbele.

"Nane!" alikuwa ameshawatangazia watu wote kwa kinyozi. "Wamerudi kwa mzee. Walizunguka wee, wamerudi."

---

Macho yake yalikuwa na presha. Daktari alikwisha kuwaambia wote wawili kwamba inaanza pembeni inakuja katikati, akampa matone, kichupa kisichozidi kidole gumba, na bei yake ilikuwa sawa na sare nne za shule ambazo binti yao alizishona kwa cherehani pale ukumbini. Kichupa kimoja, mwezi mmoja. Fundi Jalada alikubali matone lakini ugonjwa aliukataa.

"Mimi naona. Leta sindano."

Binti alimpa sindano na uzi mweusi. Baba mtu akautia uzi tunduni mara moja, bila hata kuulamba. Kisha akainuka kwa fahari kwenda chumba chake cha kazi, bega likagonga fremu ya mlango puu!

"Baba anaona tundu la sindano," binti alisema huku akikanyaga cherehani, "mlango ndio asiouona."

"Mlango umesogezwa!" sauti ikajibu kutoka ndani.

Walicheka, hata yeye. Lakini mke hakucheka sana, kwa sababu siku ile kliniki, mumewe alipotangulia nje, daktari alimshika kiwiko akamweleza jambo moja. Ugonjwa huu, alisema, umekwisha kumla pembeni. Na mgonjwa haoni giza huko pembeni. Ubongo unachukua rangi ya jirani unajazia, kama mtu anavyopaka ukuta chokaa kufunika ufa. Anaona kitu kizima. "Ndiyo maana hawatuamini," daktari alisema. "Matone hayamrudishii kilichokwenda. Yanamlindia kilichobaki. Asiyakose hata mwezi mmoja, mama."

Fundi Jalada alichora siku tisa. Siku ya kumi alimwita mkewe.

"Njoo uone mtu wako."

Aliingia akijifuta mikono. Ubao ulikuwa umebanwa juu ya meza ya kuchorea, mkubwa mara mbili ya kitabu, kama desturi. Akatazama.

Malkia alikuwa mzuri. Mungu wangu, alikuwa mzuri kuliko wote wa rafuni. Amesimama nusu mgongo, funguo zinaning'inia mkononi, na shingo imekazwa kidogo upande kama ya mtu aliyesikia kitu nyuma ya lango. Mbao za lango zilikuwa na misumari, kila msumari na kivuli chake. Juu ya kichwa kulikuwa na anga la vumbi, safi, nafasi ya jina la kitabu. Kila kitu kilikuwapo. Ila kila kitu kilikuwa kimekusanyika katikati, ukubwa wa sahani ya kulia, na kuzunguka pande zote nne ubao ulikuwa mweupe, mtupu, haujaguswa. Rangi haikuishia kwenye mstari. Ilififia tu, brashi moja hapa, brashi moja pale, kama mtu aliyekuwa anazungumza akasahau alichotaka kusema.

"Nimekujazia mji mzima," Fundi Jalada alisema. Alikuwa amesimama karibu sana na ubao, mikono nyuma. "Ukuta unakwenda mpaka mwisho, huku na huku. Unauona unavyokwenda?"

"Nauona."

"Na nafasi ya jina?"

"Ipo."

"Mbona sauti imekuwa hivyo?"

"Mzuri mno," alisema mkewe, na kwa kuwa ilikuwa kweli, machozi yaliyomtoka hayakuhitaji maelezo. Mumewe alifurahi sana kwa machozi yale. Siku hiyo alikula sahani mbili.

---

"Mwambie, Mama," binti alisema wakiwa uani wanaanua nguo. "Mwambie kesho asubuhi. Atajaza mwenyewe."

"Atajazaje asichokiona? Anaona kimejaa."

"Basi ulipeleke hivyo hivyo."

"Watalikataa. Na wakilikataa watamwambia sababu. Mtu asiyemjua atamwambia, mbele ya watu: babu, huoni."

"Afadhali aambiwe na wewe."

"Mimi nitamwambia nini?" mke alisema, na shati la mumewe aliloshika mkononi alilikunja, akalikunjua, akalikunja tena. "Kazi iende, halafu niseme. Matone ya mwezi ujao yanatoka wapi?"

"Nitashona."

"Unashona tangu alfajiri, mwanangu. Una macho mangapi wewe?"

Wakati wa mchana mumewe alikuwa na kawaida ya kwenda kwa kinyozi, si kunyolewa, kukaa tu. Siku mbili mfululizo alipotoka, mkewe alifunga mlango wa chumba cha kazi kwa ndani. Miaka thelathini na mmoja alikuwa amemkorogea rangi. Alijua vumbi la riwaya za kihistoria linavyotengenezwa: njano ya udongo, nyeusi kiasi cha kucha, nyeupe, na tone moja la nyekundu ambalo mtu asiyejua hawezi kuliona lakini likikosekana picha inakuwa ya leo. Alilikoroga. Akaanza kwenye kona ya chini, mahali ambapo kosa lisingeonekana, akauongeza ukuta kidogo kidogo, akasimama, akaongeza tena. Hakuthubutu kuweka mtu, wala ndege, wala jiwe. Ukuta na anga tu, mpaka mwisho wa ubao. Pale rangi yake ilipokutana na ya mumewe alipapasa kwa ncha ya brashi kavu, kama mtu anayefunika mtoto bila kumwamsha.

Siku ya pili alipomaliza alirudi nyuma hatua tatu akatazama. Jicho lilianzia kwa malkia, likaenda kwenye funguo, likapanda angani, likatulia. Halikujikwaa mahali. Alikaa chini sakafuni, miguu mbele kama mtoto, akahema.

---

Ubao aliufunga kwa shuka, akaubeba mwenyewe. Mume alitaka kwenda. Mke akamwambia macho yake yamewekwa dawa, vumbi la barabarani si zuri. Hilo nalo lilikuwa kweli.

"Mizigo ni mlango wa nyuma, mama," mlinzi wa nyumba ya vitabu alimwambia.

"Si mzigo, mwanangu. Ni jalada la kitabu. La Fundi Jalada."

"Nani?"

"Anachora hapa. Miaka thelathini na mmoja."

Mlinzi aliutazama ubao juu mpaka chini. "Kimefungwa kwa shuka, mama. Kilichofungwa kwa shuka ni mzigo."

Akazunguka nyuma. Huko alipita kati ya marobota ya karatasi mbovu zilizosubiri kuchukuliwa, na juu ya robota moja aliona kona ya jalada analolijua, njano iliyokufa. Hakusimama.

Msimamizi wa majalada alimpokea vizuri, lazima isemwe. Alimwamkia kwa heshima, akamvutia kiti, akamletea maji. Miwani alikuwa ameipandisha kichwani. Ubao akausimamisha juu ya viti viwili, akarudi mpaka dirishani, akaishusha miwani machoni, akatazama.

"Bibi, samahani," msimamizi alisema hatimaye. "Naomba nikuonyeshe kitu. Usinikasirikie."

Alichukua karatasi nyeupe mezani, akaiweka katikati ya ubao. Malkia akafunikwa, funguo zikafunikwa, lango likafunikwa. Ukabaki ukuta na anga.

"Hiki," alisema. "Hiki ndicho tunachokitafuta mwaka mzima."

"Lakini hapo... hapo hakuna kitu, mwanangu."

"Ndiyo! Hakuna kitu. Tazama ukimya huo. Siku hizi mtu akiona sura jaladani anajua ni kitabu cha babu zake, anapita. Lakini ukuta mtupu anajiuliza, kuna nini nyuma yake?" Alisogea, akainama, pua karibu na rangi. "Na hapa, unaona? Brashi imesitasita. Imekwenda, imeogopa, imekwenda tena. Yaani babu amebadilika! Mimi niliambiwa ni wa misumari na vivuli. Sikutegemea, wallahi."

Mke wa Fundi Jalada alijishika mikono mapajani ili isionekane. Tangu azaliwe hakuna mtu aliyewahi kuinama kutazama kitu alichokifanya. Alisifiwa mapishi, ndiyo, na uvumilivu. Furaha ilimpanda kama homa, tena pale pale malkia alipokuwa amefunikwa, na alipoitambua kuwa ni furaha akaona aibu ambayo hakuwahi kuiona hata siku aliyovuliwa nguo hospitalini.

"Na huyo wa katikati?" aliuliza.

"Ni mzuri, sisemi. Mzuri kabisa, kwa namna yake ya zamani. Kompyuta itauendeleza ukuta mpaka katikati, hata haitajulikana palikuwa na mtu." Msimamizi alikwisha kuvuta makaratasi. "Saba zilizobaki nampa. Mwambie tu, kwa adabu, wewe ndiye utakayejua kumwambia: asiweke watu. Kingo tu. Anajua kingo sana babu."

Hapo ndipo angeweza kusema. Neno lilifika mpaka mdomoni, akalionja. Kisha msimamizi akaandika kiasi cha malipo ya kwanza, akaigeuza karatasi ili bibi aone, na mke wa Fundi Jalada akaona vichupa sita vya matone vimesimama mstari mmoja.

"Jina la mchoraji tutaandika kama kawaida?"

"Kama kawaida," alisema.

---

"Wamesemaje?" Mumewe alikuwa amekaa mlangoni, amevaa shati la kutokea.

"Wamelichukua. Zote nane."

"Malkia?"

"Wamesema mzuri kabisa."

"Na shingo?"

"Hawakuwa na neno juu ya shingo."

Fundi Jalada alipiga goti lake kofi. "Si nilikwambia? Watu wanarudi kwa watu. Leta kitabu cha pili, tusome. Leo leo!"

Wiki tano zikapita hivyo, na kwa nje zilikuwa wiki nzuri. Matone hayakukosekana. Kwa kinyozi walimwekea kiti chake mwenyewe. Akipiga mluzi alichora jalada la pili, mwanamume amepiga magoti kisimani. Binti alikanyaga cherehani bila kusema, ila mara moja tu, akikata uzi kwa meno, aliuliza: "Na kitabu kikitoka, Mama?"

"Kikitoka nitakwenda kuvichukua mimi."

"Halafu?"

"Halafu nitaona."

Alikuwa amepanga kuvificha. Alikuwa amepanga kusema vimechelewa, mashine imeharibika, karatasi zimekwisha. Mtu aliyemficha mumewe ukuta mzima ataona shida gani kuficha kitabu? Jambo ambalo hakulipanga ni msimamizi mwenye adabu, aliyeona si vizuri kumsumbua bibi wa watu, akampa mtu wa pikipiki bahasha ailete mpaka nyumbani.

Alirudi kutoka kusaga, ndoo kichwani, akaikuta bahasha imechanwa juu ya meza ya sebuleni. Binti alikuwa amekwenda kupeleka sare. Mumewe alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, kitabu kipya mikononi, amekiinua mpaka karibu na pua. Alikuwa anakisogeza taratibu, kulia, kushoto, kama mtu anayetafuta mahali pa kuchungulia uani.

Ndoo aliishusha polepole sana.

"Mke wangu," Fundi Jalada alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Imefika katikati."

"Nini?"

"Presha. Imefika katikati. Yule daktari alikuwa mkweli." Kidole chake kiligusa kitabu pale pale, katikati ya jalada. "Namtafuta hapa, simwoni. Naona ukuta. Najua alipo, nilimchora mimi, lakini naona ukuta tu. Nimepofuka, mama. Leo. Asubuhi nilikuwa naona."

Aliinua uso kumtazama mkewe, uso wa mtu aliyeshikwa na woga kama mtoto kwenye umati. Akamtazama. Na mkewe aliona jambo lile likitokea: macho ya mumewe yakatulia usoni pake, yakaenda kwenye paji, kwenye unga uliobaki nyusini, yakashuka mpaka shingoni, yakahesabu mikunjo. Alikuwa anamwona. Alikuwa anamwona vizuri sana.

Akakitazama kitabu tena. Kisha shingo. Kisha kitabu.

"Hayumo," alisema.

"Hayumo."

"Wamemtoa."

"Wamemtoa, mume wangu."

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile."

Ndoo ilikuwa na unga, na mkewe aliushikilia mpini wake kana kwamba ungemwagika wenyewe. Mumewe alipitisha kiganja juu ya jalada, juu mpaka chini.

"Wiki tano," alisema. "Wiki tano nimekaa kwa kinyozi namweleza kila mtu jinsi alivyoshika funguo. Yule mwalimu mstaafu amesema atanunua viwili." Akakisogeza kitabu puani tena. "Na ukuta huu si wangu. Mimi siupaki ukuta hivi. Huyu anaogopa. Nani kauchora?"

"Mimi."

"Wewe!" Si kwamba alipiga kelele. Aliuliza tu kama mtu aliyeambiwa habari ya nchi nyingine. "Kwa nini?"

"Kingo zilikuwa tupu."

"Tupu vipi? Nilijaza."

"Hukujaza, baba. Ulichora katikati tu. Kote kuzunguka ubao ulikuwa mweupe. Hukuona."

Fundi Jalada aliinuka. Hakumwita mwongo, ingekuwa afadhali amwite. Alikwenda chumba cha kazi, bega likagonga fremu, hakusimama. Mkewe alimfuata mpaka mlangoni, akamwona akisimama mbele ya jalada la pili, karibu, kama anavyosimama siku zote. Akaweka kiganja juu ya mwanamume wa kisimani. Rangi yake ilikuwa nzito, ukiipitishia mkono unaisikia, ina vilima. Mkono ukaanza kutembea kwenda kushoto, polepole. Ukapita kisima, ukapita nyasi, halafu ukatoka kwenye rangi ukaingia pakavu. Pakavu palikuwa parefu. Mkono ulikwenda, ukaendelea kwenda, mpaka ukafika ukingo wa ubao ukashika hewa. Akaurudisha, akaenda kulia. Vile vile. Akaenda juu.

"Macho yananionyesha nyasi hapa," alisema. "Hata sasa. Nimeshika pakavu na naona nyasi."



Simu ikalia mezani sebuleni, simu ya mkewe. Ililia mpaka ikakatika, ikaanza upya. Fundi Jalada alimpita mlangoni, akaipapasa, akaipata, akaiweka sikioni. Sauti ya msimamizi ilisikika mpaka pale mke aliposimama, changamfu, yenye haraka: shikamoo bibi, vitabu vimefika? Watu wanakisifu sana, jamani! Jalada la pili lini? Na umkumbushe babu, kingo tu.

"Mchoraji amekufa," Fundi Jalada alisema. "Subiri, nakupa mjane wake."

Alimnyooshea mkewe simu bila kumtazama. Alipoona haipokei, akamshika mkono, akaufungua, akamwekea simu kiganjani, akamfunga vidole kimoja kimoja juu yake. Kisha akakaa kwenye ukingo wa kiti akaanza kutafuta ndala zake kwa miguu.

"Halo?" sauti ilikuwa inasema. "Halo, bibi? Nani huyo aliyekuwa anaongea? Kuna usalama?"

Mke wa Fundi Jalada alimtazama mumewe. Ndala moja ilikuwa imevaliwa. Nyingine ilikuwa pembeni ya kiti, shubiri moja tu kutoka mguuni pake, upande ambao haupo tena. Kwenye dirisha kichupa cha matone kilikuwa kimebaki robo.

"Bibi?"

"Nipo, mwanangu," alisema. "Hapana, si mtu. Ni mtu wa hapa nyumbani tu."

Mguu wa mumewe ulisimama.

"Ohoo, nikadhani! Basi la pili lini?"

"Jumatatu," alisema mkewe, na sauti ilikuwa yake ile ile ya kila siku. "Litakuwa tayari Jumatatu."

Huku simu ikiwa bado sikioni, akausogeza mguu wake, akaisukuma ile ndala taratibu mpaka ikagusa vidole vya mumewe. Fundi Jalada aliisikia. Alijua ni nani aliyeisukuma. Akaurudisha mguu wake nyuma, akavua na ile aliyoivaa, akainuka, akatoka nje peku.